Kuku Wadogo wa Mayai na Kitoweo: Yupi Anafaa Uwanja Mdogo wa Mjini?

Swali: Shikamoo daktari. Ninaishi Kihonda, Morogoro, na mume wangu na watoto watatu. Nyuma ya nyumba tuna uwanja wa kama mita nne kwa tano, na pana mwembe mmoja. Nataka kufuga kuku wadogo, wale vibete, watupatie mayai na mara moja moja kitoweo. Kuna kijana anauza jozi ya kuku wa mapambo wenye manyoya mpaka miguuni kwa shilingi 80,000 na anasema wanataga kila siku. Jirani yangu naye ana vibete wa miguu mifupi, yuko tayari kuniuzia. Nichukue wepi? Au nitafute hao kuku wadogo wa Kizungu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Jozi ya mapambo iache. Kwa jirani nunua mitetea wawili, kwa sharti nitakalokueleza. Waliobaki, yaani mitetea watatu na jogoo mmoja, watafute vijijini: kuku mdogo wa kienyeji mwenye miguu ya kawaida na kidari kilichojaa, jike wa kilo moja hadi kilo moja na robo, jogoo wa kilo moja na nusu au kuzidi kidogo. Huko mkoani kwenu wapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hapo hapo Morogoro, walipoainisha kuku wa asili wa Tanzania waliwaweka kuku wenye mwili mdogo chini ya jina la Ching'wekwe, kando na Kuchi ambaye ni mrefu na mzito. Kwa uwanja wako, huyo mdogo ndiye wako.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wafugaji wengi wa kuku wadogo hudanganyika. Kuku mdogo hula kidogo, ni kweli. Mtetea wa kilo moja hushiba kwa gramu 60 hivi za chakula kikavu kwa siku, wakati kuku wa kisasa wa mayai hula gramu 110 hadi 120. Wauzaji huishia hapo. Tazama na kinachotoka. Kuku wa kisasa akitunzwa vizuri hutaga mayai kama 300 kwa mwaka, kila moja gramu 58 hivi. Hizo ni kilo 17 na ushee za mayai kwa kilo 42 za chakula. Kuku mdogo aliyechaguliwa vizuri, anayelishwa na asiyeachwa kuatamia ovyo, mimi humhesabia mayai 100 hadi 120 ya gramu 38. Tuseme 120: ni kilo nne na nusu za mayai kwa kilo 22 za chakula. Yaani kilo moja ya mayai ya kuku wa kisasa hugharimu kilo mbili na nusu za chakula, na ya kuku mdogo karibu kilo tano.

Kwa hiyo, ukiwa mtu wa kununua chakula chote dukani, kuku mdogo ni hasara na nisingekushauri hata kidogo. Faida yake inaanzia jikoni kwako. Nyumba ya watu watano haikosi ukoko wa ugali, wali uliolala, maganda ya tikiti, mashina ya mchicha na vichwa vya dagaa. Chini ya mwembe kuna wadudu, na mchwa hupatikana ukifunika chungu chenye mabua na samadi mahali penye unyevu. Nusu ya ulaji wake ikitoka huko, gharama ya chakula kwa kilo ya mayai inakuwa sawa na ya kuku wa kisasa. Juu ya hapo, kuku mdogo huangua na kulea mwenyewe, kwa hiyo hutahitaji kununua vifaranga tena. Kuku wa kisasa hafanyi hivyo.

Kwa familia yako maana yake ni hii. Mitetea watano watakupa mayai kama 50 kwa mwezi. Mayai matatu yao ni sawa na mawili ya dukani, kwa hiyo umepata kama trei moja ya dukani kila mwezi. Kitoweo kitakuwa cha mara sita au saba kwa mwaka, kutokana na mapora, yaani majogoo wachanga, utakaowakuza na mitetea waliochoka. Kama ulitarajia kuku mezani kila Jumapili, uwanja wa mita za mraba 20 hautoi hivyo kwa kuku wa aina yoyote unayemwacha atembee. Bora ulijue kabla hujatoa pesa.

Nirudi kwa kijana wa mapambo. Kuku wadogo wenye manyoya miguuni mara nyingi ni wa ukoo wa Cochin wadogo, ambao Uingereza huitwa Pekin, au chotara wao. Ni wapole, watoto huwapenda, na huatamia sana. Hutaga kwa wastani tu, na hizo soksi zao masika ya Morogoro huzijaza tope mpaka ngozi inachubuka. Utitiri wa miguu, ule unaofanya magamba yainuke na kuwa meupe, hupenda mno kujificha humo. Na habari ya kutaga kila siku usiiamini kwa kuku yeyote. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kuumbika, kwa hiyo saa ya kutaga husogea mbele siku hadi siku, mpaka mtetea analazimika kuruka siku. Hata kuku wa kisasa huruka.

Mapambo mengine sina mengi ya kusema. Silkie, mwenye manyoya ya sufi na ngozi nyeusi, ni mleaji hodari kuliko wote ninaowajua, lakini nyama yake ni kidogo na ngozi hiyo nyeusi watu wengi huku kwetu hawaitaki sahanini. Sebright, aliyezalishwa na Sir John Sebright wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya yale manyoya yaliyopigwa mistari ukingoni, ana uzito wa gramu 600 hivi na mayai yake mengi hayana mbegu. Serama wa Malaysia hafiki hata nusu kilo. Hawa ni kuku wa kutazamwa, na anayewapenda kwa hilo awafuge kwa furaha, ila asiwaingize kwenye hesabu ya chungu.

Wapo kuku wadogo wa kigeni wanaofaa kweli kwa kazi mbili. Ni wale waliofanywa wadogo kutoka koo kubwa za mayai na nyama: Wyandotte wadogo, Plymouth Rock wadogo, Rhode Island Red wadogo. Hawa wana kidari, na jike wa karibu kilo moja hutaga vizuri. Ujerumani Wyandotte wadogo wanafugwa na watu wengi sana. Ukibahatika kumpata mfugaji mwenye koo halisi aliye karibu, sawa. Lakini mayai ya kuangulisha kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha mifugo, na anayekuuzia mayai yaliyopitishwa kwenye begi anaweza kukuletea ugonjwa pamoja na kuku. Kwa lengo lako sioni sababu ya kuhangaika hivyo.

Sasa vibete wa jirani, na naomba uwe makini hapa kwa sababu watu wengi hupoteza vifaranga bila kujua kwa nini. Kuku wa miguu mifupi, ambaye tumbo lake linakaribia kugusa ardhi, kwa kawaida ana chembe ya urithi inayofupisha mifupa ya miguu. Akiipata kutoka kwa mzazi mmoja, anakuwa kibete na anaishi vizuri. Akiipata kutoka kwa wazazi wote wawili, hafi baada ya kuanguliwa, bali hufia ndani ya yai. Ukipandisha kibete kwa kibete, robo ya mayai yenye mbegu haitaanguliwa hata ufanyeje, na katika watakaotoka, theluthi moja watakuwa na miguu ya kawaida. Wengi wakikuta mayai hayo husingizia radi, au koo, yaani mama kuku, kwamba hakulalia sawasawa. Koo hana kosa. Ndiyo maana nimesema chukua mitetea wawili tu, usichukue jogoo wake. Mitetea hao wakipandwa na jogoo wa miguu ya kawaida, hasara hiyo haipo: nusu ya watoto watatoka wafupi, nusu wa kawaida, na wote wana nafasi sawa ya kuishi. Kibete wa miguu mifupi ana faida yake mjini: hachakuri sana, haruki ukuta, bustani ya mchicha hupona. Ubaya wake ni wakati wa mvua, tumbo linapolowa. Mwekee sakafu kavu ya maranda.

Tuje kwenye kuchagua kwenyewe, na hapa ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea. Nenda asubuhi, nenda na mizani ya kuning'iniza, na uende nyumbani kwa mfugaji, usinunue gulioni kama unaweza kuepuka. Mwombe mayai kumi ya kuku wake uyapime kwa pamoja. Yakifika gramu 350, endelea. Yakiwa chini ya 300, mshukuru uondoke.

Mshike mtetea, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako wa kushoto, kichwa kikielekea kwapani kwako. Kwa vidole vya mkono wa kulia tafuta mifupa miwili myembamba iliyo chini ya mkia, kila upande wa tundu la kutagia. Kati ya mifupa hiyo viingie vidole viwili bila kulazimisha. Kwa kuku mkubwa tungetaka vitatu. Halafu pima kutoka hapo mpaka ncha ya mfupa wa kidari: vidole vitatu. Tundu lenyewe liwe pana na lenye unyevu. Likiwa dogo, kavu na la duara, hatagi kwa wakati huo, muuzaji aseme atakavyosema. Upanga kichwani uwe mwekundu na laini. Tumbo liwe laini. Likiwa gumu, ni mafuta au maradhi.

Jogoo mpime kwa kiganja. Weka kiganja chini ya kidari chake na uzungushe vidole pande zote mbili za mfupa. Ukisikia makali ya mfupa na nyama imekimbilia kando, huyo hana kitoweo, wala watoto wake hawatakuwa nacho. Nyama ikiwa imejaa pande zote mpaka karibu ilingane na mfupa, huyo ndiye. Umbo la mwili na uzito hurithiwa kwa uhakika kuliko wingi wa mayai, kwa hiyo kwa upande wa nyama jogoo mmoja mzuri atabadilisha banda zima ndani ya uzao mmoja. Kwa upande wa mayai, mwulize mfugaji mama yake jogoo ni yupi, umwone, na uyaone mayai yake. Mfugaji anayewajua kuku wake atakuonyesha bila kufikiri. Asiyeweza kukuonyesha, basi jogoo huyo unamnunua kwa rangi.

Kuna ujanja mmoja sokoni: tembe, yaani majike wachanga ambao hawajaanza kutaga, na mapora wa kienyeji wa kawaida huuzwa kama vibete waliokomaa. Tazama miguu. Jogoo aliyepita mwaka ana kipi, ule mwiba wa mguuni, kirefu kilichochomoza. Pora ana kidutu tu. Magamba ya miguu ya tembe ni laini yanayong'aa, ya mtetea aliyezeeka ni makavu na yamekakamaa. Ukikuta kuku mdogo mwenye dalili zote za ujana, rudi baada ya miezi mitatu utamkuta si mdogo tena.

Ukishawapata, adui wa mayai yako atakuwa kuatamia. Kuku mdogo ana hamu ya kulalia isiyoisha. Ukimwachia kila mara, hutaga mayai kumi au kumi na mbili, hulalia wiki tatu, hulea miezi miwili, na mwaka unaisha umepata mayai 40 au 50. Okota mayai kila siku. Anayeng'ang'ania kiota, mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo lake, apewe maji na chakula kama kawaida, bila nyasi wala kiota. Siku tatu au nne zinatosha kwa wengi. Usimmwagie maji wala kumfunga mguu, ni kumtesa tu.

Lakini mmoja au wawili waache walalie, mara mbili kwa mwaka. Mtetea mdogo hufunika mayai yake saba au manane vizuri. Ukimpa kumi na mbili, ya pembeni hupoa na kuwa viza. Mayai ya kuku wadogo huweza kuanguliwa siku ya 19 au 20, kwa hiyo usishangae wakikuwahi. Na hapa kuna njia ninayoipenda sana ya kuongeza nyama bila kuongeza kuku wakubwa uwanjani. Nunua mayai yenye mbegu manne au matano ya kuku wa kienyeji mkubwa, yaweke chini ya koo wako mdogo, naye atakulelea mapora watakaofika kilo mbili. Unafuga mama mdogo anayekula kidogo, unapika mtoto mkubwa. Usichopaswa kufanya ni kuleta jogoo mkubwa, Kuchi kwa mfano, awapande mitetea wa kilo moja. Kucha na uzito wake huwachana mgongo na mbavu.

Mapora wachinje wakiwa na miezi minne na nusu hadi mitano, wanapoanza tu kujaribu kuwika. Baada ya hapo wanapigana, wanakonda, nyama inakakamaa, na majirani wanaanza kulalamika alfajiri. Pora wa kilo moja na robo hutoa gramu 800 hivi za nyama na mifupa. Kwa watu watano ni mlo mmoja: mchemshe kwanza na tangawizi na chumvi, supu iwe ya watoto, kisha mwingize kwenye tui la nazi. Mtetea aliyezeeka anataka moto wa saa mbili, lakini mchuzi wake kuku wa kisasa hauwezi.

Banda kwa hao sita halihitaji zaidi ya mita moja kwa moja na nusu la kulalia, lenye kichanja na viota viwili. Uwanja uwekee wavu mpaka juu, kwa sababu kuku mwepesi huruka vizuri na mwewe humnyakua kwa urahisi kuliko kuku mkubwa. Wavu uzamishe ardhini sentimita 30, nguchiro asichimbe. Jioni wape gramu 30 kila mmoja za chakula cha kuku wa mayai juu ya mabaki waliyokula mchana, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa wayadonoe watakavyo. Vifaranga wasile chakula hicho, chokaa yake huharibu figo zao. Mahindi au pumba yenye ukungu usiwape hata kidogo, sumukuvu huua kuku na hupita mpaka kwenye yai.

Kitu ambacho hakina mjadala ni kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Unaweza kufanya yote niliyoandika ukapoteza kuku wote kwa juma moja. Chanjo ya I-2 huwekwa tone moja jichoni, hustahimili joto kuliko chanjo nyingi za kideri, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ofisi ya mifugo ya kata itakuelekeza pa kuipata, na kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi sana, shirikianeni majirani siku moja. Kuku wapya chanja, kisha watenge wiki mbili kabla hawajachanganywa na wengine.

Anza na mitetea peke yao, jogoo mlete mwisho. Mitetea hutaga bila jogoo, ila tu mayai hayo hayaanguliwi. Mfunge kila mmoja uzi wa rangi yake mguuni, usiobana, na kila ukimkuta kiotani uandike kwenye daftari rangi na uzito wa yai. Baada ya miezi mitatu utajua nani anataga mengi na nani anakula bure. Hapo ndipo umlete jogoo, na mayai ya kuangulisha uyachukue kwa mitetea wawili bora tu. Yule wa mwisho kwenye daftari atakuwa kitoweo chako cha kwanza.